Taa za Samahani

"Sijakuziba, mama. Nimewasha taa."

"Taa nimeziona. Na gari nimeliona. Liondoe."

"Ukishaziona taa, huwezi tena kuliona gari. Ndiyo sheria. Au wewe si wa hapa?"

"Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, kabla hujajua kujifuta makamasi. Liondoe."

Bwana Dosa Mfaume, Mkurugenzi Msaidizi katika Idara ya Maandalizi, alitabasamu kwa upole wa mtu ambaye hajawahi kusubiri kitu chochote maishani mwake. Gari lake jeusi, pana kama chumba cha wageni, lilikuwa limekingama nyuma kabisa ya gari la Bi Sikitu. Mbele ya gari la Bi Sikitu palikuwa na ukuta. Kushoto ukuta, kulia nguzo ya umeme. Taa nne za gari jeusi ziliwaka na kuzimika, zikawaka na kuzimika.

"Nanyoa ndevu tu," alisema. "Dakika mbili."

"Dakika mbili za nani?"

"Za serikali," alijibu, akaingia kwa kinyozi na kufunga mlango wa kioo.

Hapa inafaa msomaji aelezwe, maana huenda anatoka katika nchi ambako mambo bado hayajapangwa vizuri. Katika nchi hii, ambayo sina sababu ya kuitaja kwa kuwa haijanikosea, zile taa nne ambazo kwingineko nasikia huwashwa wakati wa hatari huitwa taa za samahani. Sheria Namba Saba inasema kwamba dereva anayeziwasha ameomba radhi. Aliyeomba radhi hana kosa. Na gari lisilo na kosa haliwezi kuwa limemzuia mtu. Kwa hiyo, muda wote taa zinapowaka, gari hilo huhesabiwa kuwa halipo.

Sheria hiyo ilipita kwa kauli moja, siku ambayo wabunge hamsini na watatu walishindwa kuingia bungeni kwa sababu ya gari la Spika lililoegeshwa mlangoni. Waliipitisha wakiwa nje, juani. Tangu siku hiyo foleni zimekwisha nchi nzima, kwani haiwezekani kuwa na foleni ya magari ambayo hayapo, na Waziri wa Barabara hualikwa nchi za jirani kueleza alivyofanikiwa.

*

Bi Sikitu hakuwa mtu wa kusubiri. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana, na aliweza kuwanyamazisha wanafunzi mia tatu kwa kupiga makofi mara moja tu. Alipostaafu, shule ilimpa cheti, khanga mbili, na gari la zamani la shule, lile la kubebea magunia ya unga. Gari lilikuwa limechoka, ila bampa yake ya nyuma fundi mmoja aliichomelea kwa kipande cha reli, na ilitazamiwa kudumu kuliko shule yenyewe.

Tangu kustaafu hakuwa na wa kumnyamazisha. Alipika wali wa kikombe kimoja. Redio ilipouliza, "Wasikilizaji, hamjambo?" yeye alijibu, "Hatujambo," na kuna siku hilo ndilo neno pekee lililomtoka kinywani mpaka jua linazama. Binti yake Salha alikwenda ng'ambo miaka sita iliyopita, akaolewa huko, akazaa huko. Mjukuu, Shani, alikuwa na miaka minne. Alimjua bibi yake kama uso mdogo unaokaa ndani ya simu, na mara kadhaa alikuwa ameigeuza simu nyuma kutazama miguu ya bibi iko wapi.

Leo walikuwa wanapita. Ndege yao ilitua saa nane mchana, na saa kumi kamili walitakiwa kurudi ndani ili wapande nyingine. Katikati hapo waliruhusiwa kutoka mpaka kwenye ukumbi wa wageni. Saa mbili tu, baada ya miaka sita. Kutoka mjini mpaka uwanja wa ndege ni nusu saa.

Bi Sikitu alitoka nyumbani mapema, kwa sababu anaijua nchi yake. Kwenye mzunguko wa kwanza alipigiwa honi kwa kosa la kusimama taa ilipokuwa nyekundu. Kwenye wa pili, kijana mmoja aliyekuwa akiendesha kwa kiwiko huku akila muhogo alimpitia kushoto, akamtazama kwa huruma. Kwenye wa tatu basi la Wizara ya Maji lilimrushia maji machafu mpaka kwenye kioo. Alifuta, akaendelea. Alitaka kitu kimoja tu sokoni: vileja, vile vya unga wa mchele alivyovipenda Salha tangu utotoni. Alihesabu dakika kumi.

Uwanja wa kuegesha magari wa soko hilo una nafasi arobaini. Thelathini na sita zina viti vya plastiki vyekundu katikati, kuonyesha kwamba ni za Wanaotarajiwa. Hakuna ajuaye ni akina nani, lakini kila mwaka rangi za mistari hupakwa upya kwa heshima yao na bendi hupiga. Nne ni za wananchi. Bi Sikitu alizunguka mara sita ndipo akapata moja, ile ya pembeni kabisa, kati ya ukuta na nguzo. Alinunua vileja. Alirudi saa nane na robo. Na Bwana Dosa ndiyo kwanza alikuwa anawasha taa.

Msomaji atauliza kwa nini hakuchukua teksi. Teksi zote wiki hiyo zilikuwa zimeombwa na Waziri wa Barabara ziurefushe msafara wake, aliokwenda nao kufungua kona. Pikipiki za abiria nazo zilipigwa marufuku mjini tangu moja ilipomfikisha mtu kazini kabla ya bosi wake.

Simu ililia.

"Mama, tumefika," alisema Salha. "Uko wapi?"

"Nimezibiwa."

"Na nani?"

"Na gari lisilokuwepo."

Miaka sita ni mingi, lakini haikumtosha Salha kusahau. "Taa za samahani?"

"Hizohizo."

"Fanya haraka, Mama. Shani amesimama mlangoni. Kila bibi anayepita anamshika nguo anamuuliza kama ndiye wewe."

*

Afisa Nafasi wa uwanja ule aliitwa Bwana Ngwali. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja tu, lililotazama ukutani, ili asije akawa na upendeleo.

"Karibu, mama. Malalamiko huanza na kuona," alisema, akichovya kalamu kwenye wino ingawa kalamu yenyewe ilikuwa ya kawaida. "Umeona nini?"

"Gari."

"Limewasha taa?"

"Limewasha."

"Basi hukuona."

"Bwana Ngwali, ni jeusi, ni kubwa, lina miguu minne, limenizibia. Binti yangu yuko uwanja wa ndege na mtoto wake. Anaondoka saa kumi."

"Nakuhurumia kwa niaba ya Serikali," alisema Bwana Ngwali, na kweli macho yake yalionyesha huruma, kwani mafunzo ya huruma alikuwa ameyahudhuria mwezi uliopita. "Lakini fikiria, mama. Kila raia akiruhusiwa kuona anavyotaka, taifa litakuwa wapi? Huyu anaona gari. Yule anaona shimo barabarani. Mwingine, Mungu apishe mbali, anaona darasa halina paa. Ndiyo maana kuna utaratibu. Jaza Fomu ya Kuona, lete mashahidi wawili walioona pamoja nawe, nami nitapeleka makao makuu."

"Makao makuu hujibu lini?"

"Hujibu," alisema Bwana Ngwali kwa fahari.

Bi Sikitu aliichukua fomu, akatoka nayo juani.

Uwanjani kulikuwa na watu kama arobaini. Alipoinua karatasi ile, watu arobaini walikumbuka shughuli zao. Mmoja aliitazama saa ya mkono ambao haukuwa na saa. Mwingine aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Wawili waliokuwa wanakuja walilizunguka gari jeusi, mmoja huku na mmoja kule, wakakutana upande wa pili na kuendeleza mazungumzo yao kuhusu bei ya sukari bila kupoteza neno.

Ni upweke wa namna yake, kukiona kitu kikubwa kiasi kile peke yako.

Karibu na mkia wa gari jeusi, mwanamke mmoja alikuwa amepanga matikiti juu ya turubai. Jina lake Mwatabu. Kivuli cha gari kilimwangukia nusu ya uso.

"Dada, umekaa kivulini," alisema Bi Sikitu.

"Nashukuru Mungu, Bi mkubwa."

"Kivuli cha nini?"

Mwatabu alilipapasa tikiti lililokuwa mapajani mwake. "Usinitie majaribuni. Mimi nauza matikiti. Nikianza kuona, nitauza saa ngapi?"

"Sahihi yako moja tu."

"Yule mama aliyekuwa anauza ndizi hapo ulipo, alitia sahihi moja tu. Unamwona?"

"Simwoni."

"Basi na wewe unaanza kuizoea sheria." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nisamehe, Bi mkubwa. Nina watoto."

Bi Sikitu alitaka kumpa maneno makali, na alikuwa nayo ya kutosha. Yalimkwama, kwa sababu alikumbuka siku moja ya mwaka jana, kwenye uwanja huohuo. Fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, alimwendea mbio. Gari lake lilikuwa limezibwa, na mkewe alikuwa kiti cha nyuma, uchungu umeshika. "Mama, umeliona hili gari? Niambie tu kwamba umeliona." Bi Sikitu alikuwa na nyama kwenye kikapu, na jua lilikuwa kali. "Nina haraka, mwanangu," alimwambia. Hakuwa amemkatalia. Alikuwa hajaona tu, kama watu wote, akaenda zake. Mpaka leo hakujua mtoto yule alizaliwa wapi, wala kama alizaliwa.

Aliikunja fomu mara nne, akaitia mkobani.

*

Saa nane na dakika hamsini aligonga tena kibandani.

"Mashahidi?" aliuliza Bwana Ngwali.

"Hakuna aliyeona."

"Umeona sasa?" Bwana Ngwali alisimama kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imekwenda sawa. "Hapo naweza kukusaidia. Siwezi kuthibitisha kwamba kitu kipo, hayo ni madaraka makubwa kuliko cheo changu. Lakini kwamba hakipo, hilo nathibitisha mwenyewe, papo hapo. Twende eneo la tukio. Mama, hutarudi nyumbani mikono mitupu."

Alivaa kofia. Alichukua futi ya chuma, kibweta cha muhuri, na kitabu cha hati. Alifika nyuma ya gari la Bi Sikitu, akapima hewa kwa futi, futi ikagonga mlango mweusi na kujikunja. Alipima tena upande mwingine, ikajikunja. "Vipimo vya leo vinasumbua," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa na meza, alikilaza kitabu chake juu ya boneti ya gari lisilokuwepo, akaegemea kwa kiwiko, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti.

"Mimi, Afisa Nafasi Daraja la Pili, nimefika na kukagua kwa macho yangu. Nyuma ya gari la mlalamikaji... hakuna... kitu... chochote."

"Umeandika hakuna kitu?"

"Chochote."

"Basi mimi nazuiwa na nini?"

"Na wasiwasi."

"Andika na hilo."

Bwana Ngwali alimtazama kwa mapenzi. Ni raia wachache wanaoshirikiana na Serikali namna hiyo. "Mlalamikaji hazuiwi ila na wasiwasi wake," aliandika, "na yuko huru kuondoka kwa njia ya nyuma wakati wowote apendao." Aliupuliza muhuri, akagonga mara moja kwa nguvu. Boneti ililia kama ngoma. Akachana nakala, akampa.

Bi Sikitu aliisoma yote, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma barua za wasichana wa bweni kabla ya kuwakabidhi. Simu ililia tena.

"Bibi?" Ilikuwa sauti ndogo, iliyo karibu mno na kipaza sauti.

"Shani. Hujambo, mama?"

"Bibi, toka kwenye simu."

"Nini?"

"Toka. Mama amesema leo unatoka. Mimi niko hapa."

Salha aliichukua simu. Alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida. "Mama, kama haiwezekani, basi. Tutakuja mwaka mwingine."

Mwaka mwingine ni maneno ambayo Bi Sikitu alikuwa ameyasikia mara sita.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa tisa na dakika tano."

"Usitoke mlangoni," alisema Bi Sikitu, akakata simu.

*

Hakukimbia. Alikwenda mpaka kwenye duka la kinyozi, akagonga kioo kwa pete. Bwana Dosa alikuwa amelazwa kitini, shuka jeupe shingoni, povu mashavuni, kikombe cha kahawa mkononi. Ndevu zilikuwa zimekwisha kitambo. Sasa walikuwa wameingia kwenye nywele za masikio.

"Bwana Dosa! Gari lako liko wapi?"

"Mama, bado tu uko hapa?" Alimkonyezea kinyozi. "Nilishakwambia. Halipo."

"Sema tena, kinyozi asikie."

"Halipo!"

"Unasikia, kinyozi?"

"Nasikia, mama," alisema kinyozi, aliyekuwa mtiifu wa sheria. "Halipo."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Bi Sikitu alitikisa kichwa kushukuru, akarudi kwenye gari lake. Aliviweka vileja kwenye kiti cha mbele, akavifunga mkanda. Hati ya Bwana Ngwali akaibandika kwenye kioo cha mbele, muhuri ukitazama nje, mahali ambapo watu wengine hubandika bima. Akawasha injini. Injini ilikohoa mara tatu, kama kawaida yake, kisha ikakubali.

Kwenye kioo cha pembeni aliona kitu kimoja ambacho hakukitarajia. Mwatabu alikuwa amesimama. Alikuwa akiyahamisha matikiti, mojamoja, bila haraka, kutoka kwenye kivuli cha gari jeusi mpaka upande wa pili wa njia, penye jua kali. Hakutazama kushoto wala kulia. Hakuona chochote. Alipolihamisha la mwisho aliivuta turubai, akaikung'uta, akaketi.

Bi Sikitu alitia gia ya nyuma.

Mara ya kwanza gari la shule lilisukuma, likasita. Alikanyaga. Kipande cha reli kiliingia kwenye mlango mweusi kama kisu kwenye mkate, na mlio uliotoka uliwafanya watu arobaini wa uwanja ule, ambao tangu saa nane hawakuwa wameliona gari lolote pale, wageuze shingo zao kwa pamoja na kulitazama. Aliendelea kukanyaga. Gari jeusi lilikwenda kiubavu, matairi yakilalamika, likapita pale palipokuwa na matikiti, likapanda kijukwaa cha bendi, likagota kwenye safu ya viti vyekundu vya Wanaotarajiwa, na hapo likapumzika, limeinama upande mmoja.

Bwana Dosa alitoka kwa kinyozi akikimbia, shuka linapepea, sikio moja limenyolewa.

"Gari langu! Gari langu!"

Bi Sikitu aliteremsha kioo. "Lipi?"

Bwana Dosa alimgeukia Bwana Ngwali, aliyekuwa bado ameshika muhuri. Bwana Ngwali aliangalia gari, akaangalia taa zake, akaangalia nakala ya hati iliyobaki kitabuni, na jasho likamtoka. Alikuwa mtumishi mwaminifu, na kimbilio la mtumishi mwaminifu ni moja tu.

"Mheshimiwa," alisema, "mashahidi wawili unao?"

Bwana Dosa aliwageukia watu. Watu walikumbuka shughuli zao. Alimfikia Mwatabu.

"Wewe! Umeona!"

"Mimi nauza matikiti, baba," alisema Mwatabu.

Bi Sikitu hakusubiri kusikia zaidi. Saa tisa na robo. Akifika tisa na dakika arobaini na tano, atakuwa na dakika kumi na tano: tano za kulia, tano za vileja, tano za kumwonyesha mtoto miguu yake. Aligeuza usukani, akapita kwenye lango. Kwenye kioo cha nyuma gari jeusi lilikuwa likipungua, taa zake nne zikiendelea kuwaka na kuzimika katikati ya viti vilivyovunjika, samahani, samahani, samahani, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akizitazama.

Alipofika barabara kuu aliwasha indiketa ya kulia, jambo ambalo halijafanywa na mtu katika barabara ile kwa miaka mingi. Magari yote yakasimama kwa mshangao. Akaingia.